Sahani Tatu na Mguu wa Mzee Kiwelu

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana soda za chupa zilikuwa zimeshapanda mlimani, aliishi Mzee Kiwelu kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, huko Machame. Alikuwa na migomba, ng'ombe wawili na miguu miwili. Hadithi hii inahusu mguu wa kushoto.

Mguu huo ulikuwa na kidonda kisiginoni. Mzee Kiwelu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Mwanzoni mwa Desemba daktari wa zahanati alikitazama, akakitazama tena, akavua miwani.

"Mzee, Krismasi inakuja."

"Huja kila mwaka," Mzee Kiwelu alijibu.

"Mwaka jana ulikula nini?"

Mzee Kiwelu akaanza kutaja. Daktari akaandika mpaka ukurasa ukaisha, akaweka kalamu chini. "Ukila hivyo tena, Januari nakupeleka hospitali kubwa wakakukate hapa," alisema, akamgusa chini ya goti. "Ukila kwa kipimo, kidonda kitafunga. Na ukishachomwa sindano ya kushusha sukari, lazima ule. Usipitishe mlo."

Mzee alirudi nyumbani na hofu yake. Kila asubuhi alizoea kuzunguka kihamba akipunguza majani ya migomba, na hakuweza kuwaza asubuhi bila mzunguko huo. Usiku alikuwa akiugusa mguu kuhakikisha bado upo.

Sasa sikilizeni mila ya ukoo ule, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Krismasi watu wote walipanda kutoka mijini, na mkubwa wa ukoo, yaani Mzee Kiwelu, alipitia nyumba tatu, moja baada ya nyingine, akala katika kila nyumba. Na sahani ya mkubwa hairudi jikoni na chakula. Ikirudi na chakula, mwenye nyumba huuliza, "Kuna neno gani kati yetu?" na hapo kikao cha ukoo kinaitishwa. Walikuwepo ndugu wawili ambao hawakusalimiana kwa miaka kumi na mmoja kwa sababu ya vipande viwili vya ndizi.

Kwa hiyo Mzee Kiwelu akawaita watu wake, akasimama mbele ya zizi. "Atakayenivusha Krismasi hii nikiwa na mguu wangu, nampa mtamba huyu."

Mtamba yule alikuwa wa uzao wa ng'ombe aliyeachwa na marehemu mke wake. Mzee hakuwahi kumtoa hata mmoja wa uzao huo, na kila mtu pale alijua.

Waliosikia walikuwa watatu. Wa kwanza ni Haikaeli, mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyemchoma sindano kila asubuhi, kwa sababu mumewe alikuwa dereva wa lori na Krismasi ile ilimkuta mpakani. Wa pili ni Manka, dada yake Mzee. Manka alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, na hakuwahi kukubali kwamba ameshuka. Wa tatu ni Ndekirwa, mdogo wake Mzee, aliyecheka tu. "Mguu wa kaka hauna tatizo," alisema. "Tatizo lake ni njaa. Hawa madaktari wanamnyima chakula."

Alfajiri ya Krismasi Haikaeli alipika chakula cha baba mkwe wake: mchicha, maharage, nusu ndizi ya kuchemsha, na nyama isiyo na mafuta, kipande kisichozidi kiganja. Akapakia kwenye hotpoti tatu, akapita jiko la nyumba ya kwanza, la pili na la tatu. Kila jikoni aliwaambia wanawake maneno yaleyale. "Baba akifika, mpakulieni hiki kwenye sahani yenu. Wanaume wasijue." Wanawake wakakubali, na siri ikabaki jikoni.

Akarudi, akamnywesha Mzee uji mwepesi, akamchoma sindano. "Baba, leo ule kila utakachopakuliwa. Umalize."

Mzee alimwangalia mkwewe kama mtu aliyechanganyikiwa. Haikaeli hakumweleza zaidi, kwa kuwa Mzee Kiwelu hakuwahi kutunza siri hata moja tangu azaliwe.

Manka naye alikuwa na mpango wake, na hakumwambia mtu. Alimngojea Mzee mlangoni mwa kanisa. "Leo kaa ubavuni kwangu," akamwambia. "Usitie kitu mdomoni. Hata punje."

"Lakini mkwe amesema nile kila kitu."

"Mkwe ni mtoto. Mimi nimesema usile."

Mzee akapima maneno mawili hayo. Kula kila kitu ndiko kulikomletea kidonda. Kutokula kulionekana salama zaidi, na tena aliyesema ni dada. Akamtii dada.

Wakafika nyumba ya kwanza. "Karibu, mkubwa wetu. Kaa. Kula." Sahani ya Manka ilikuja imejaa mpaka mchuzi unachungulia ukingoni. Sahani ya Mzee ilikuja na mchicha. Manka akala yake yote. Mwenye nyumba alipotoka kufuata supu, akabadilisha sahani, akala na ya Mzee. Akashangaa moyoni jinsi nyumba hii ilivyogeuka bahili. Sahani ikarudi tupu, na nyumba ikaridhika.

Wakafika nyumba ya pili. "Karibu, mkubwa wetu. Kaa. Kula." Sahani ya Manka ilikuja imejaa. Sahani ya Mzee ilikuja na mchicha. Manka akafungua kidogo fundo la kitenge, akala yake, akabadilisha, akala na ya Mzee. Ubahili umeenea ukoo mzima, aliwaza. Sahani ikarudi tupu, na nyumba ikaridhika. Lakini Mzee Kiwelu alikuwa anatoka jasho, na baridi ya mlimani siku ile ilikuwa kali.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Ndekirwa. Ndafu alikuwa ameshawekwa mezani, mbuzi mzima wa kuchoma, na majani mdomoni. "Karibu, kaka. Kaa. Kula." Manka alikuwa anahema kwa mdomo sasa. Alikula yake polepole, akaomba maji, akanyoosha mkono kubadilisha sahani. Ndekirwa akamwona.

"Dada, unafanya nini?"

Mdomo wa Manka ulikuwa umejaa.

"Kwa hiyo kaka anaingia kwangu siku ya Krismasi, na hataki kula changu." Ndekirwa alimgeukia Mzee. "Kuna neno gani kati yetu?"

Mzee Kiwelu alitaka kujibu. Alimwona mtu mbele yake, akajua ni mtu anayempenda, lakini jina lake halikuja. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya magoti. Sauti za ndugu zilisikika kwa mbali, na moyo ulikuwa unakwenda mbio. Aliogopa, na hakukumbuka alichokuwa anakiogopa.

"Tazameni anavyotetemeka," Ndekirwa alisema kwa hasira. "Hii ni njaa. Mmemnyima. Hatatoka kwangu na kinywa kikavu." Akachukua soda ya chungwa kutoka kwenye kreti, akaifungua kwa meno.

Haikaeli, aliyekuwa amekuja kusaidia kupakua, alitoka jikoni mbio. "Baba mdogo, acha. Hiyo ni sumu kwake."

"Toka hapa, mwanangu," alisema Ndekirwa, akamshika kaka yake kidevu, akammiminia. Nusu ilimwagika kwenye koti la kanisani. Nusu ilishuka.

Wakakaa. Haikaeli analia, Manka anahema, Ndekirwa ameshika chupa. Baada ya robo saa Mzee Kiwelu akafuta uso, akamtazama mdogo wake. "Ndekirwa," alisema. "Umeniharibia koti."

Hapo ndipo siri zilipotoka. Haikaeli aliuliza chakula chake kimekwenda wapi. Manka aliuliza chakula kipi. Haikaeli akaeleza hotpoti, na Manka akaeleza sahani. Wakatazamana. Mzee alikuwa amechomwa sindano asubuhi na zaidi ya uji mwepesi hakula kitu mpaka alasiri, sukari ikamshuka mno, kwa kuwa mmoja alimpimia chakula na mwingine alimlia.

Ndekirwa, ambaye sasa alijiona daktari, akakata ndafu, akamjazia kaka yake sahani kwa mkono wake mwenyewe. Nyama, mafuta, ndizi, mchuzi juu. Akaiweka. Ukoo wote ukatazama.

Mzee Kiwelu aliitazama sahani kwa muda mrefu. Alikipenda kila kitu ilichobeba. Akasogeza pembeni kipande kimoja cha nyama, cha kiganja. Akasogeza nusu ndizi. Akaomba mchicha, akaletewa. Akala taratibu, akitafuna kila tonge mpaka liishe, na watoto wakachoka kumwangalia. Kisha akaisukuma sahani, na mlima wa chakula bado uko pale.

"Nimeshiba."

Ndekirwa aliisogelea sahani. "Kuna neno gani kati yetu, kaka?"

"Hakuna neno. Chakula chako ni kitamu, na wewe nakupenda. Mguu wangu pia naupenda."

Ndekirwa aliinua sahani ile, akaipeleka jikoni mwenyewe. Sahani ikarudi na chakula, na nyumba haikuanguka. Tangu siku hiyo mpaka mwaka mpya Mzee alikula hivyo kila alikoalikwa. Kikao hakikuitishwa, nadhani kwa sababu wajumbe wote walikuwa wameshiba mno kusimama.

Januari daktari alifungua bendeji. Kidonda kilikuwa kimefunga. Akasikiliza habari yote ya Krismasi, akavua miwani. "Mguu unabaki," alisema. "Lakini bila ile soda, mzee, ungezikwa na mguu wako mzima."

Mzee na wale watatu wakarudi mpaka mbele ya zizi.

Haikaeli akasema: "Baba, mtamba ni wangu. Mimi nilipika, nilipima, nilichoma sindano, na ninakiosha kila siku hicho kisigino. Chakula changu kingefika mdomoni kwako, soda ingebaki kwenye kreti."

Manka akasema: "Mtamba ni wangu. Nilikula sahani tano. Nililala kitandani siku tatu, miguu imenivimba, mpaka leo harufu ya supu inanitoa nyumbani. Nilijua hotpoti? Sikuambiwa. Nilijua kwamba sahani za ukoo huu ndizo zilizomletea kidonda, nikaweka tumbo langu mbele yake."

Ndekirwa akasema: "Sitaki ng'ombe, ninao. Lakini mtamba ni wangu. Nyinyi wawili mlikuwa mnamuua kwa upendo. Mimi nilimwokoa."

"Kwa hasira," alisema Haikaeli.

"Kwa soda," Ndekirwa alijibu.

Mzee Kiwelu aliizungusha kamba ya mtamba mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Na aliyesema nimeshiba?"

Wakamgeukia wote watatu.

"Ng'ombe ni wako," alisema Manka. "Huwezi kujizawadia."

"Mdomo nao ulikuwa wangu, dada. Nyinyi mlihangaika na sahani. Kuna mtu aliyewahi kunifundisha kuisukuma?"

Mtamba alivuta kamba, akimvuta Mzee kuelekea kwenye migomba, na Mzee akamfuata kwa miguu yote miwili, hatua moja, hatua nyingine, akingoja mtu amwambie aishie zizi gani.

Bado anangoja. Mimi nimeshindwa kumsaidia, na nyinyi mmekaa hapa mmeshiba, kazi yenu ni kufikiri tu. Aliyepima, aliyekula kwa niaba yake, aliyemimina soda bila kujua, au aliyesukuma sahani: je, nani alistahili mtamba?