Zawadi Iliyochimbwa Uani

Asiyeomba hutazamwa hatua. Methali hiyo mliisikia jana kwa mama yenu, mlipokuwa mkibishana kuhusu zawadi ya Krismasi ya babu yenu, ambaye kila akiulizwa husema hana haja na kitu. Mnataka kujua ilitoka wapi. Nitawaeleza kama ilivyotokea, bila kutia chumvi.

Huku mlimani Desemba ni mwezi wa kurudi. Aliyeko Dar es Salaam na aliyeko Mwanza hupanda kwenda kwenye kihamba, shamba la migomba walikozikwa wazee wake, na hakuna anayepanda mikono mitupu. Katika ukoo mmoja wa upande wa juu alikuwako mjane, Mama Aikaeli, Aikaeli likiwa jina lake mwenyewe, aliyeishi peke yake kwenye kihamba cha marehemu mumewe. Alikuwa na watoto wawili: Anaeli, mfanyabiashara, na Ndeanasia, mwalimu. Walimpenda, na uwezo walikuwa nao. Tatizo ni kwamba mama hakutaja kamwe anachotaka.

"Mimi sina shida, wanangu. Njooni tu."

Basi wakaanza kushindana kwa vitu vya ajabu. Walimletea saa ya ukutani yenye ndege anayeimba. Ikasimama, hakuitia ufunguo. Walimletea taa ya sola. Ilibaki kwenye boksi lake. Redio ndiyo pekee iliyotumika, nayo haikuzimwa. Picha kubwa ya wajukuu aliitundika kichwa chini. Watu walicheka, naye akacheka, Anaeli akaigeuza. Mambo yakaishia hapo.

Ukweli ni kwamba Mama Aikaeli alikuwa haoni. Macho yalififia polepole, naye akaficha kwa makusudi. Anaeli alikuwa amesema waziwazi kwamba mama akishindwa kujitegemea atamhamishia Dar es Salaam, na mama hakutaka kuliacha kaburi la mumewe. Kwa hiyo alikikariri kihamba chote kwa miguu: kutoka ua wa masale, ile mimea inayozunguka boma, hadi jikoni, kutoka jikoni hadi zizini, kutoka zizini hadi kwenye mfereji wa maji. Alitembea kichwa juu, bila kusita, na wageni walimsifu kwa ukakamavu.

Mwaka ninaousimulia, watoto walifika wakati mama yuko kwa dada yake, kijiji cha pili, akisaidia kupika mbege, pombe ya ndizi, ya sikukuu. Wakakaa na Mkunde, mke wa Anaeli, kushauriana.

"Ukimpa shuka, asante. Ukimpa jiwe, asante," Ndeanasia alisema. "Mama huyu ni mgumu kuliko mkaguzi wa shule."

"Safari hii namweza," akajibu Anaeli. "Nachimba tangi la maji hapa uani. Habari za mfereji zimekwisha."

Mkunde akamwambia mumewe taratibu, "Baba Eliya, mama akimimina kahawa hutia kidole kikombeni. Tena anapotembea..."

"Ala! Unamkagua mama mkwe wako mpaka vidole?"

"Wifi," Ndeanasia akadakia akicheka, "ukizeeka wewe utatia na mguu."

Mkunde akainuka akakusanya vikombe. Kwa desturi ya huku, mkwe hasemi kasoro ya mama mkwe wake mara mbili.

Vibarua walichimba shimo lililopita kimo cha mtu, kati ya ua wa masale na jikoni, wakapanga mawe chini. Ndeanasia akasimika vijiti pembeni, akazungusha utepe mwekundu na kuufunga fundo kubwa kama la zawadi ya dukani. Mpango ulikuwa mama aletwe kwa gari mkesha wa Krismasi.

Hakungoja gari. Alirudi siku moja kabla, adhuhuri, akisindikizwa na mume wa dada yake. Walipofika kwenye masale akamwambia, "Rudi, shemeji. Hapa ni kwangu."

Anaeli alimwona kutoka mlango wa jikoni. Hakumwita. Aliwaashiria wenzake kwa mkono.

"Njooni! Njooni muone atakavyoshangaa!"

Wakasimama mlangoni watatu, wale ndugu wawili wakitabasamu. Mama alikuja moja kwa moja, kichwa juu. Utepe ukamgusa kifuani, ukakatika, naye akatumbukia.

Anaeli aliruka ndani. Mama alikuwa amelalia ubavu juu ya mawe, mguu umepinda.

"Mama! Hukuuona utepe?"

"Utepe gani, Anaeli?"

Ulikuwa umemzonga mkononi, mwekundu, jua likiwaka. Anaeli aliutazama, kisha akayatazama macho ya mama yake.

"Nani amechimba shimo kwenye njia yangu?" mama akauliza.

"Ni zawadi yako, mama," Ndeanasia akasema kutoka juu.

"Basi sasa mmejua," mama akasema. "Msinipeleke."

Walimpeleka. Nyonga ilikuwa imevunjika na haikuunga, na kihambani hapakuwa na wa kumwinua. Huko Dar es Salaam alikaa pale alipowekwa. Kila alipoulizwa anataka nini, alijibu kwamba hana shida. Alifariki kabla ya masika, akarudishwa mlimani, akazikwa kando ya mumewe.

Siku ya matanga mzee wa ukoo aliuliza ilikuwaje. Anaeli akasema ni mapenzi ya Mungu. Ndeanasia akamkatiza.

"Mungu hakuchimba shimo lile. Kila mwaka tulimuuliza mama kwa mdomo, naye akatujibu kwa mdomo. Siku aliyotujibu kwa miguu, sisi tulisimama mlangoni tukicheka. Asiyeomba hutazamwa hatua."