Barua Iliyoitoa Kwamkole Fainali

Hapo zamani, mwaka msiniulize, Chuo cha Kwamkole kilicheza netiboli katika Ligi ya Bondeni. Nahodha alikuwa Mkasi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kombe hajalishika hata siku moja. Safari hiyo wakaingia fainali!

Imebaki wiki, mpishi wa chuo, Bi Hadia, akampelekea chai mkuu wa chuo, Mwalimu Semboja. Akamkuta na nani? Mwenyekiti wa Ligi ya Mlimani! Kavaa kanzu na koti, anakabidhi bahasha iliyofungwa kwenye leso nyekundu. Jamani! Birika nusura limponyoke.

"Shoga, tunahama ligi," akamnong'oneza muuza vitumbua. "Barua nimeiona kwa macho yangu haya!"

Kufika adhuhuri, mji mzima unajua. Mkasi mbio ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Kweli tunahamia Mlimani?"

"Marahaba. Mambo ya wakubwa hayo," akajibu Semboja, akafunga mlango.

Habari zikamfikia Bwana Kaniki, katibu wa Ligi ya Bondeni. Hakuuliza mtu. Akachukua kalamu, akaifuta Kwamkole, akaandika timu nyingine.

Siku ya fainali Mkasi na wenzake wakafika na jezi zao mpya. Lo! Mpira unachezwa bila wao! Mkasi akakaa chini, viatu mkononi.

Siku ya tatu ndipo mji uliposhika mdomo. Kumbe barua ile ni ya posa! Mwenyekiti ni mshenga, kamposea mpwa wake binti wa Semboja. Na posa haitangazwi kabla haijajibiwa. Tena ilikataliwa, msiseme nimesema mimi.

Wazee wa ligi wakaamua: aliyemkosesha Mkasi fainali akampigie magoti kabla hajaondoka chuoni.

"Mimi nilisema nilichokiona," akaruka Bi Hadia. "Leso nyekundu ile, ningeifumbia macho?"

"Na mimi nimwanike mwanangu kwa ajili ya mpira?" akafoka Semboja.

"Mkuu mwenyewe kafunga mlango," akasema Kaniki. "Ningejuaje?"

Ijumaa Mkasi akasimama getini na sanduku lake, basi linapiga honi. Wale watatu wanatazamana, hakuna anayesogea.

Haya, nyie mliokodoa macho: je, ni nani aliyestahili kupiga magoti?