Sahani ya Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wakubwa hamwitikii? Hii ni yenu pia. Paukwa!

Pakawa!

Zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakitembeleana, alikuwako Nungunungu. Alikaa upande wa mawe, yeye na mkewe na watoto wawili. Udongo wa huko mgumu. Ukitaka mzizi mmoja, chimba, chimba, chimba, mpaka kucha ziume.

Siku moja akasema, "Mke wangu, nimechoka na nchi hii. Naenda ng'ambo ya mto kwa rafiki yangu Ngiri, nikaone wenzetu wanaishije. Kukiwa kuzuri, tunahama."

Akaenda, miiba ikilia nyuma yake, chakara-chakara, chakara-chakara.

Ngiri akampokea kwa mikono miwili. Akamtandikia mkeka. Asubuhi viazi vikuu. Mchana viazi vikuu. Jioni viazi vikuu. Nungunungu akiinuka kusaidia, mke wa Ngiri anamzuia. "Kaa, shemeji. Wewe mgeni, usishike kitu."

Siku tatu akala, akapima. Kwetu mlo mmoja, hapa mitatu. Kwetu nachimba, hapa sichimbi. Akaona kulinganisha kumekwisha, akarudi mbio, chakara-chakara.

"Fungasheni," akasema.

Mkewe akauliza, "Wao wenyewe uliwaona wakila?"

"Mimi nakupa habari za viazi, wewe unaniuliza habari za vinywa!"

Wakafungasha. Njiani wakamkuta Fungo, ambaye hakuwa na kwake, alilala kichakani tu. Nungunungu akamwambia, "Chukua shimo langu. Nchi hii ni ya wasiojua kwingine." Fungo akashukuru sana.

Wakavuka mto. Ngiri akawasalimu mmoja mmoja, hata watoto.

"Safari hii si wageni," Nungunungu akasema. "Tumehamia. Tuonyeshe pa kuchimba."

Ngiri akawaonyesha. Chimba, chimba, chimba. Mawe. Jua likafika utosini, wana mzizi mmoja.

"Ndugu yangu, vile viazi mlivitoa wapi?"

Ngiri akainamia tena kuchimba. Mkewe ndiye aliyejibu, polepole. "Vile vilikuwa mbegu, shemeji. Vimekwisha."

"Nanyi mlikula nini siku zile?"

"Tulikunywa maji. Ulikuwa mgeni wetu."

Miiba ya Nungunungu ikalala, haikulia tena. Aliona haya mpaka akakosa pa kuweka uso. Maana alijua. Mwaka uliopita Ngiri alipowatembelea, yeye naye alimpa kila kilichokuwamo ndani, watoto wake wakalala na njaa. Ngiri akaondoka akisema, "Nyinyi mna nchi nzuri." Alijua yote hayo, akasahau alipowekewa sahani yeye.

Wakachimba siku nne, mizizi yote wakaiacha mlangoni kwa Ngiri. Kisha wakarudi walikotoka.

Fungo alikuwa amefagia mlango. Hakungoja waseme neno.

"Karibuni, wageni," akasema. Akatandika mkeka. Akaleta mizizi mitatu.

Mke wa Nungunungu akainuka amsaidie.

"Kaa, dada," Fungo akasema. "Msishike kitu."

Nungunungu akaitazama sahani ile, ndani ya nyumba aliyoichimba kwa kucha zake mwenyewe. Akashindwa kunyoosha mkono.

"Fungo, wewe umekula?"

"Nimeshiba," Fungo akajibu, na tumbo lake likanguruma, ngruu, wote wakalisikia.

Mmecheka? Mimi sicheki. Anayetaka kuhama na ahame, si kosa. Lakini usilinganishe sahani uliyowekewa ugenini na jembe uliloliacha kwenu. Muulize mwenyeji anakula nini wewe ukishaondoka. Mimi niliwahi kula siku tatu kwa watu na sikuuliza, na mpaka leo nikipita mlango ule nainamisha kichwa.

Hadithi yangu inakomea hapo, mkekani kwa Fungo. Sahani bado iko katikati, na hakuna aliyeigusa.