Posho Haishibishi Mto

Posho haishibishi mto. Mmemsikia Shangazi Tatu akimrushia mwanawe neno hilo, yule anayempigia simu kila asubuhi, "Hujambo mama, haya kwaheri," na nyumbani haji. Mmecheka, kisha mkaniuliza posho na mto vilikutana wapi. Kaeni basi. Chanzo chake ni huku huku bondeni, na aliyelitamka kwanza nilimjua. Alikuwa mwanamke asiyekubali jambo mpaka aligeuze pande zote.

Aliitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mkulima wa mlau, yaani alipanda mahindi na maboga kwenye tope linaloachwa na mafuriko yakishapungua. Zama hizo mto ulifurika kila masika. Watu walihamia madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakavua kambale mlangoni mpaka maji yateremke. Waliyalalamikia mafuriko kama mke anavyomlalamikia mume mkorofi, lakini bila hayo hawakuwa na kilimo.

Kisha kule juu milimani likajengwa bwawa la umeme. Wazee wetu wakaogopa kukatiwa maji. Wakatuma ujumbe kwa mkuu wa bwawa, Mhandisi Kahangwa, na ombi lao lilikuwa moja tu: maji yasikatike hata siku moja. Akaridhia. Kijiji kikachinja mbuzi. Hapo ndipo tulipojiroga wenyewe, maana hakuna aliyekumbuka kuomba mafuriko. Nani huomba mafuriko?

Maji hayakukatika kweli. Kiangazi na masika mto ulipita kwa kimo kile kile, mpole na safi. Lakini miaka ilivyosogea, mambo yakawa ya ajabu. Maziwa madogo ya pembeni yakakauka ilhali mto una maji. Kambale wakaadimika. Shamba la Bi Sikudhani likawa gumu kama sakafu. Vijana wengi wakafunga virago, na wachache waliobaki wakajenga chini kabisa bondeni, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuogopa. Mpili, mwana wa pekee wa Bi Sikudhani, alijenga huko nyumba ya matofali na kuiezeka bati jipya.

Wakaomba maji zaidi, wakaongezewa, hali ikabaki vile vile. Jambo hilo lilimsumbua sana Kahangwa, kwani alikuwa mtu wa kutaka kujua. Akashuka mwenyewe. Bi Sikudhani akamkaribisha uani, akampakulia wali na mchicha, maana samaki hawakuwapo.

"Mama, mimi sielewi," akasema Kahangwa. "Nikiyajumlisha maji ya mwaka mzima, ni karibu yale yale ya zamani. Posho yenu naitoa kila siku. Mto unaumwa nini?"

"Posho?"

"Ndiyo. Kipimo kimoja kila siku, bila kukosa."

Yule mama akaviringisha tonge mkononi. "Hebu nikuulize, baba. Kipimo hicho kinafika kwenye maziwa?"

"Hakifiki. Kinapita ndani ya kingo."

"Na kambale hutaga wapi?"

"Kwenye majani yaliyofunikwa na maji, nadhani."

"Majani yako juu ya kingo. Na tope la shamba langu liko wapi?"

Kahangwa akaacha kula. "Limelala kwenye bwawa langu," akasema taratibu. "Nikifungua milango ya chini kabisa, yote kwa pamoja, wakati wa masika... mto utapanda. Ajabu! Siku zote nilijiuliza niwape maji kiasi gani, kumbe swali lilikuwa niwape lini."

Bi Sikudhani akacheka mpaka machozi. "Na tuliomba wenyewe! Posho haishibishi mto, baba. Mto unataka karamu, ule mpaka utapike."

Kahangwa hakucheka. "Mafuriko hayachagui, mama. Nyumba za bondeni zitakwenda. Siwezi kufungua mpaka watu wote watoke."

Bi Sikudhani akatazama bondeni, lilikomeremeta bati la Mpili. Alimpenda mwanawe kuliko shamba. Lakini aliona kwamba shamba likifa, mwana naye atahama kama wenzake, na yeye atabaki peke yake na mto usio na kitu.

"Tuanze na ya mwanangu," akasema.

Mama yake alipomweleza habari ya posho na karamu, Mpili alikasirika vibaya. Alisema tangu dunia iumbwe hajasikia mzazi akiitia maji nyumba ya mwanawe. Akaezua bati moja moja, akajenga upya kilimani, na kumsemesha mama yake akaacha. Majirani walipoona nyumba ile imevunjwa, nao wakahama.

Masika yakaja. King'ora kikalia, milango ikafunguliwa. Mto ukateremka mwekundu, ukapanda kingo, ukaingia maziwani, ukalala juu ya mashamba. Watoto ambao hawajapata kuona mafuriko walichungulia kutoka madunguni wakauliza kama mto umerukwa na akili.

Mpili alipiga kasia mpaka pale kilipokuwa chumba chake. Akatupa wavu kwa ghadhabu tu, na alipouvuta akakuta kambale wawili wakubwa, dume na jike, tumbo la jike limejaa mayai. Akawatazama kwa muda mrefu. Jike akamrudisha majini. Dume akampeleka hadi kwenye dungu la mama yake, akamweka miguuni pake, na kwa mara ya kwanza tangu aezue bati lake akafungua kinywa kumsemesha.

"Posho haishibishi mto, mama. Bandika chungu."