Mtu wa Udongo Aliyepiga Hodi

Paukwa!
— Pakawa!
Hiyo pakawa ya watu wenye njaa. Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Chungu!
Ndani mna nini?
— Uongo!
Umetiwa nini?
— Chumvi!

Basi sogeeni nifunue kifuniko. Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, maana nikishaanza mimi, hata jogoo anasubiri zamu yake.

Hapo kale, udongo ulipokuwa bado unasikia ukisemeshwa, palikuwa na mfinyanzi mmoja mwanamke, Mwamvita binti Mindu, wa kijiji cha Kilima Chekundu. Chungu chake ukikigonga kwa kidole, kinalia ngaaa! Na chini ya kila chungu aligandamiza kidole gumba chake chenye kovu la kisu, ili ulimwengu ujue kazi ni ya nani. Watu walimsifu asubuhi, wakamsifu mchana, wakamsifu jioni. Hakutosheka.

Siku moja akamwambia shoga yake, Chanya, "Chungu kila mtu anafinyanga. Mimi nitafinyanga mtu."

Chanya akacheka mpaka mtungi ukamponyoka. "We shoga! Mtu hufinyangwa tumboni."

"Tumbo linachelewa. Mikono yangu ina haraka."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Watu wakaja kumwita. "Mwamvita, kuna msiba!" "Niko kazini." "Mwamvita, kuna harusi!" "Niko kazini." "Mwamvita, kuna pilau!" "Niko kazini!" Jamani, mtu anaitwa pilau anasema yuko kazini? Hapo hata mimi nilijua ameshaugua.

Akafinyanga miguu. Akafinyanga mikono. Akafinyanga kichwa, macho akayatia vijiwe vyeusi vya mtoni. Chini ya kisigino akagandamiza kidole gumba chake. Kisha akatwaa mrija wa mwanzi, akampulizia puani, fuuu! Na tena, fuuu! Na mara ya tatu, fuuu!

Mtu wa udongo akapiga chafya. "Chya!" Akafumbua macho, akamtazama, akasema, "Mama."

Mwamvita alitazamia kusikia "fundi". Alitazamia "bingwa". Hilo la "mama" hakulitazamia hata kidogo. Mama maana yake kulisha, kufunza, kukesha. Yeye alitaka sifa, mtoto hakumtaka. Akachomoka kwa mlango wa uani, huyoo mpaka kwa Chanya, akajifunika shuka gubigubi. "Una nini?" "Homa." Mwongo! Na mwongo namjua nikimwona, kazi yangu hiyo.

Mtu wa udongo akangoja. Mama hakurudi. Akatoka kumtafuta. Akaenda kisimani, wanawake wakatupa mitungi wakakimbia. Akaenda shambani, wanaume wakatupa majembe wakakimbia. Akawaendea watoto, wao hawakukimbia, wakamtupia mawe. Mawe yakamganda mwilini, maana alikuwa bado mbichi. Akayachomoa moja moja, akayaweka chini taratibu asimuumize mtu, akaziba mashimo yake kwa kiganja.

Akahamia kwenye mashamba ya mtama, peke yake. Jua la kiangazi likamkausha. Akafukuza ndege, watu wakavuna, hakuna aliyejua wa kumshukuru. Usiku alijisemesha mwenyewe, ili kulisikia lile neno moja: "Mama."

Hata siku moja mawingu yakakusanyika. Yakashuka manyunyu, kidogo tu. Sikio lake la kushoto likalainika, likadondoka, likawa tope. Mnaelewa ninyi? Alikuwa hajachomwa! Chungu kisichochomwa kikikutana na mvua, unafagia. Na masika ndiyo hayo yanakuja.

Akaenda mbio nyumbani kwa Mwamvita, ambaye alikwisha kurudi kwake. "Hodi!" Kimya. "Hodi, mama, sikio langu limekwenda!" Kimya. "Hodi, mama, ulinianza, nimalize!"

Ndani sauti ikajibu, "Hapa hapana mama wa mtu. Sikujui!"

Hodi zilikwisha kuwa tatu, na mgeni akipiga tatu bila kukaribishwa huenda zake. Adabu hiyo alikuwa nayo, sijui kafunzwa na nani. Akaondoka.

Njiani akawaza. Huyu mama anachukia nini? Mzigo. Anapenda nini? Sifa. Basi atanasa kwa hicho hicho anachokipenda.

Siku ya gulio, alfajiri, akajipenyeza kwenye safu ya vyungu, akakaa, akafumba macho, akatulia tuli. Watu waliomjua walimjua mbio mbio, wakimpa visogo. Sasa wakamzunguka. "Lo! Sanamu gani hii! Tazama kope! Tazama kucha!" Jumbe wa kijiji akaja na kilemba cha hariri begani. "Nani fundi wa kazi hii? Ajitokeze nimvishe kilemba, awe mkuu wa mafundi wote."

Akaruka Kibwana, ambaye vyungu vyake vyote hupasuka. "Ni mimi, Jumbe!"

Akajikongoja mzee mmoja asiyejua kufinyanga hata tonge. "Ni mimi, ujanani!"

Jumbe akainua kilemba amvishe Kibwana. Mwamvita alikuwa nyuma ya watu. Akajiuma mdomo. Akajishika kiuno. Akashindwa.

"Mwongo mkubwa we! Kazi yangu hiyo! Mimi, Mwamvita binti Mindu, ndiye niliyemfanya! Inueni kisigino mtazame kidole changu!"

Wakainua. Kovu lile pale.

"Ni wako kweli?" akauliza Jumbe.

"Wangu! Wa mikono yangu! Sina mshirika!"

Sanamu ikafumbua macho. "Chya! Jumbe, umesikia? Watu wote, mmesikia? Mama kanikubali."

Wee! Gulio lilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Kibwana mpaka leo anakimbia. Alibaki Jumbe, kilemba mkononi, na Chanya, na Mwamvita.

"Mama," akasema mtu wa udongo, "mvua ile kule. Nichome."

"Na ukipasuka motoni?"

"Nipasuke ukiwa umekaa. Nisiyeyuke ukiwa umenikimbia."

Mwamvita akatazama pale sikio lilipokuwa. Akavua mtandio, akajifunga kiunoni. "Chanya! Kuni!"

Wakampangia kuni, wakamfunika nyasi na vifuu vya nazi, wakawasha. Na mwiko wa wafinyanzi ni huu: ukishawasha, huondoki motoni mpaka kazi iive. Moshi ukamwingia Mwamvita machoni, akakaa. Cheche zikamtoboa kanga, akakaa. Ngurumo zikapiga, akakaa. Watu wakachungulia, wakaona aibu, wakarudi na mikeka, wakaishika juu ya moto ili matone yasiuzime. Wale wale wa majembe. Wale wale wa mitungi. Watoto wa mawe ndio waliokuja na vifuu vingi.

Ndani ya moto sauti ikaita, "Mama, upo?"

"Nipo!"

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu!"

Mara ya tatu sauti haikuita. Mwamvita akaita yeye. "Mwanangu, upo?" Akaita tena. "Mwanangu!" Ah, nawaona mnavyokodoa macho. Hata mimi nilikodoa.

Moto ukashuka. Mwamvita akafukua majivu kwa mti, huku machozi yanamtoka. Akanyoosha kidole, akamgonga kifuani.

Ngaaa!

Kilima kizima kikaitika. Hapo mbingu ikafunguka, mvua ikamwagika ndoo ndoo, ikamwosha majivu, naye akainuka mwekundu, anang'aa, anacheka, maji yanateleza mgongoni! Watu wakapiga vigelegele. Jumbe akamvisha Mwamvita kilemba. Mwamvita akakivua, akamfunga mwanawe kichwani kufunika pengo la sikio.

"Jina lake Mindu," akatangaza, "la baba yangu. Mwenye neno aniambie mimi."

Wakaenda nyumbani. Mlangoni Mindu akasimama. "Hodi."

Mwamvita akamsukuma begani. "Mtoto wa nyumbani anapigaje hodi kwao? Pita ndani, uji unapoa!"

Akapita. Sikio halikuota tena, ndiyo maana hata leo ukimtuma Mindu chumvi na sukari, analeta chumvi.

Hadithi yangu nimeichoma, imeiva. Igongeni. Ikilia ngaaa, nendeni nayo, ni yenu. Ikisema pu, si kosa langu: kasafisheni masikio.