Mkoma wa Hawayu na Ukingo Ulioliwa

Zamani, kabla mto Tana haujajua ladha ya udongo, kingo zake zilishuka majini taratibu kama mkeka uliotandikwa. Mitumbwi ilipita katikati bila haraka, na maji hayakukunjamana. Hakukuwa na kamati ya kulinda kingo, wala semina, wala posho za semina. Kingo zilijilinda.

Hapo aliishi Hawayu. Mumewe, Komora, aliteremka pwani kutafuta chumvi, akaaga hivi: "Nitaijua nyumba yetu kwa ule mkoma." Mkoma huo, mti mrefu wa jamii ya mnazi, ulisimama peke yake, hatua thelathini kutoka majini. Masika mawili yakapita. Hawayu akawa haoni mtumbwi bila kukimbilia majini.

Basi akazua desturi: mtumbwi wa kwanza kugusa ukingo na habari za Komora ungepewa ndizi za kuchoma. Weka chakula cha bure uone watu wanavyopata spidi! Wapiga kafi wakaanza kushindana, na mawimbi yao yakapanda ukingoni, yakarudi yamejaa udongo.

"Nimemwona, shemeji! Amenenepa!" alisema mmoja, akitafuna.

"Jana ulisema amekonda."

"Basi amenenepa leo. Ongeza ndizi."

Hawayu alijua ni uongo. Lakini uongo ule ulikuwa na jina la Komora ndani yake, akaongeza ndizi.

Mama mkwe akamwonya, "Mwanangu, mto unakula shamba."

"Acha ule, mama. Na mimi nile habari."

Hatua thelathini zikawa kumi, kumi zikawa tatu. Asubuhi moja mitumbwi mitano ilikuja kwa pamoja. Mkoma ukainama, ukaenda na maji.

Siku saba baadaye, mtumbwi ulifika mbio kutoka juu ya mto.

"Shemeji, leo ni kweli kabisa! Tumepishana na Komora huko juu, ana chumvi tele, kichwa kimejaa mvi. Bado anapanda mto, anaulizia penye mkoma."

"Mkamwambiaje?"

"Tulikuwa tunawahi ndizi."

Hawayu alitoka mbio kufuata mto, akiita, na ukingo ukimeguka nyuma ya visigino vyake. Hakuna aliyewaona tena, yeye wala Komora.

Na tangu siku hiyo, ukingo wa Tana umesimama wima kama uliokatwa kwa panga, na kila chombo kinachopita kwa fujo huudondosha kipande. Ndiyo maana wanawake wa huko, wakisikia kafi zinakimbizana, huacha kazi zao na kupaza sauti: "Polepole, nyinyi! Kuna mtu bado hajafika!"