Jani Jekundu la Fisi

Mwaka ule jua liliwaka mpaka vyura wakasahau kuimba. Visima vyote vya msituni vilikauka, ikabaki chemchemi moja ng'ambo ya korongo, na ng'ambo hiyohiyo ndiko alikoishi Mzee Kobe, mganga. Daraja lilikuwa gogo moja, tena jembamba. Mmoja akivuka, wengine wote husubiri.

Asubuhi wanyama walivuka mikono mitupu, hapakuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi na mizigo. Walisukumana, vibuyu vikapasuka, maji yakamwagika korongoni huku wenye kiu wakitazama. Ndipo Simba, mfalme, ambaye hupenda kutoa amri hata kwa mambo asiyoyajua, akamweka Sungura penye gogo, upande wa chemchemi.

"Wapange," akasema. "Namna ya kuwapanga, shauri yako."

Sungura akatangaza kwamba mzigo wa dawa ufungwe jani jekundu, upite kwanza. Maji yafungwe jani bichi, yafuate. Vingine vyote vifungwe jani kavu, vingoje nafasi. Kila mmoja ajifungie jani mwenyewe huko atokako.

Hapo Sungura, pamoja na ujanja wake wote, alichemsha. Kumwachia Fisi ajichagulie jani, jamani! Fisi alikuwa ameokota mzoga ng'ambo. Siku hiyohiyo akaja na magunia ya nyama, kila gunia na jani lake jekundu, akapita wa kwanza huku akichekelea. Kesho yake Nyani akafunga jekundu kwenye ndizi. Haukupita muda, foleni nzima ikawa nyekundu, na jani hilo halikumsaidia tena yeyote.

Aliyeumia ni Mama Swala. Mwanawe alishikwa na homa, na dawa ya Mzee Kobe ni lazima inywewe ingali moto. Kila alipoifuata, ilimpoea nyuma ya magunia ya Fisi.

"Kaka Sungura," alisema siku moja, kibuyu kikifuka mvuke kifuani pake, "mtoto hainui kichwa tena. Leo ikipoa, sina haja ya kurudi kesho."

Sungura aliona aibu mpaka masikio yakamlala. Akapanda juu ya gogo.

"Majani mliyofunga huko mtokako siyatambui tena," alisema. "Nitayafunga mimi, hapahapa, baada ya kuona mlichobeba."

Akayang'oa yote. Akanusa kibuyu cha Mama Swala, akakifunga jekundu, na mama yule akavuka mbio. Punda akafuata na maji yake. Nyani akapewa jani kavu, akanuna, akasogea nyuma. Ikafika zamu ya Fisi.

"Gunia hili halifunguliwi," alisema Fisi. "Ni dawa. Ikipigwa na upepo, inaharibika."

Sungura alikwisha kuinusa nyama. Akatabasamu.

"Basi silifungui, Bwana Fisi. Ila dawa ya haraka haiendi nyumbani kwa mtu, inakwenda kwa mgonjwa. Mtukufu Simba yuko pale gogo linapoishia, na tumbo lake linanguruma tangu asubuhi. Au umebeba kitu kingine? Sema tu, nikupe jani kavu usubiri na wenzako."

Fisi akaitazama foleni ndefu juani. Akakumbuka kwamba Simba hapendi dawa hata ya kuonja.

"Ni dawa," akasema. Kisha akaongeza, "Chungu sana."

Akavuka na jani lake jekundu. Simba alipoambiwa, alituna.

"Mimi siumwi," alisema. "Lakini kwa heshima ya sheria, nitaionja kidogo."

Akalipasua gunia. Akaonja kidogo, akaonja tena, akaonja mpaka gunia likabaki tupu.

"Chungu kweli," alisema akilamba midomo. "Lete na lile jingine. Tumbo langu ni sugu."

Fisi alikwenda kulala na njaa, na sikumhurumia.

Kesho yake mtoto wa Swala alikuwa ukingoni, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, akimngoja mama. Fisi alikuwa mkiani mwa foleni na kigunia kimoja. Simba akamwona.

"Fisi! Dawa yangu iko wapi?"

"Sina dawa, Mtukufu," Fisi alijibu kwa sauti ambayo msitu mzima uliisikia. "Nimebeba nyama tu."

Simba akameza mate, akageuza uso, kwa kuwa mfalme haombi nyama mbele za watu. Sungura akalifungua gunia, akachungulia, akalifunga jani kavu.